Maswali ya wasomaji: Watu 745 na kiti cha ishirini

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinauliza jambo moja: Wamarekani wa mwanzoni mwa karne ya 19 waligawaje maeneo ya uchaguzi, na ilikuwaje wapiga kura walipokwenda kwenye sanduku baada ya mipaka kuchorwa upya. Tumeona ni bora kukaa na jimbo moja, Massachusetts, kuliko kurukaruka nchi nzima.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kwetu Tanzania "jimbo" ni eneo la mbunge mmoja: Moshi Mjini ni jimbo, Arumeru Magharibi ni jimbo. Kwa Marekani tumezoea kuita jimbo kila moja ya zile nchi ndogo zilizoungana. Humu "jimbo" ni Massachusetts nzima. Eneo linalotoa mbunge au maseneta tunaliita "wilaya ya uchaguzi", na wilaya hiyo si ya mkuu wa wilaya. Ukichanganya haya, hesabu zote zitakukataa.

SWALI: Wanafunzi wangu wanauliza nani aliamua Massachusetts ipate wabunge wangapi, na kwa kanuni gani. Naomba hesabu yenyewe niiandike ubaoni.
(Mwalimu wa historia, Pasua, Moshi)

JIBU: Mwalimu, hesabu hii ni ya kugawanya kisha kutupa mabaki. Katiba ya Marekani iliagiza sensa kila baada ya miaka 10, na ya kwanza ilifanyika 1790. Enzi hizo sensa ilipotoka, Kongresi, yaani bunge la taifa, ilipitisha sheria iliyotaja kigawanyo, yaani watu wangapi kwa mbunge mmoja. Idadi ya watu wa kila jimbo iligawanywa kwa namba hiyo. Namba nzima ndiyo ilikuwa viti. Mabaki yalitupwa hata yakiwa makubwa kiasi gani. Njia hii ndiyo aliyoipendekeza Thomas Jefferson, na ndiyo iliyotumika kwa sensa za 1790, 1800, 1810 na 1820. Kigawanyo kilikuwa 33,000 kwa sensa mbili za kwanza, kikawa 35,000 kwa sheria ya tarehe 21 Desemba 1811, kisha 40,000 mwaka 1822.

Sasa weka ubaoni. Kumbuka kwamba hadi 1820 Maine ilikuwa sehemu ya Massachusetts, ingawa hazipakani: katikati ipo New Hampshire. Ndiyo maana lazima ujumlishe namba mbili kabla ya kugawanya, na hapo ndipo wengi hukosea.

Sensa ya 1790: 378,787 na 96,540 za Maine ni 475,327. Gawanya kwa 33,000, unapata 14 na mabaki. Viti 14.

Sensa ya 1800: 422,845 na 151,719 ni 574,564. Kwa 33,000 unapata 17, na watu 13,564 wanabaki bila kuhesabika kwenye kiti chochote. Viti 17.

Sensa ya 1810: 472,040 na 228,705 ni 700,745. Kwa 35,000 unapata 20. Hapa wasimamishe wanafunzi kidogo. Mara 20 ya 35,000 ni 700,000 kamili, kwa hiyo kiti cha ishirini kilisimama juu ya watu 745 tu. Waandikishaji wa sensa wangeruka kijiji kimoja chenye watu 746, Massachusetts ingepeleka wabunge 19.

Sensa ya 1820, Maine ikiwa imeshajitenga: Massachusetts 523,287 kwa 40,000 ni 13, Maine 298,335 ni 7, na watu 18,335 wa Maine wanatupwa.

Wape zoezi la nyongeza. Warudi kwenye 1810 waitenge Maine kana kwamba tayari ni jimbo: 228,705 kwa 35,000 ni 6 na nusu hivi, sehemu iliyobaki, 472,040, ni 13 na karibu nusu. Kila upande peke yake ungepata 6 na 13, jumla 19. Kwa pamoja walipata 20, kwa sababu vipande viwili vya mabaki viliungana vikazaa kiti. Bunge la jimbo lilikipeleka kiti hicho Maine, iliyopewa wilaya 7 kati ya 20. Matokeo yake wilaya ya wastani ya Maine ilikuwa na watu wapatao 32,700, na ya Massachusetts yenyewe 36,300. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wakati huo hakuna sheria ya taifa iliyodai wilaya za uchaguzi zilingane kwa idadi ya watu; Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kulidai hilo kwa wilaya za Kongresi mwaka 1964.

SWALI: Je, watumwa walihesabiwa kwenye viti hivyo?
(Mwanafunzi wa kidato cha sita, Sakina, Arusha)

JIBU: Massachusetts haikuwa na mtumwa hata mmoja kwenye sensa ya 1790 wala zilizofuata hadi 1820, ndiyo sababu hesabu zilizo juu zimenyooka. Kusini mwa nchi ilikuwa vingine. Katiba ilihesabu tatu ya tano ya watumwa pale viti vilipogawanywa, na mtumwa mwenyewe hakuwa na kura.

Chukua Virginia mwaka 1810: watu karibu 975,000, na kati yao watumwa zaidi ya 392,000. Walio huru ni kama 583,000. Tatu ya tano ya watumwa ni kama 235,000. Jumla 818,000, gawanya kwa 35,000, viti 23. Ungehesabu walio huru peke yao ungepata 16. Viti 7 vya Virginia, sawa na viti vyote vya Maine, vilitokana na watu waliofungwa minyororo, na vilikaliwa na mabwana zao. Ukisoma malalamiko ya wanasiasa wa Massachusetts wa miaka hiyo dhidi ya Virginia, hesabu hii ndiyo iliyokuwa ikiwachoma, ingawa si wote waliochomwa kwa huruma kwa watumwa.

SWALI: Kitabu tulichosomea kinasema ule mchezo wa kupindisha mipaka unaoitwa jerimanda ulianzia kwenye uchaguzi wa Kongresi huko Massachusetts. Rafiki yangu anabisha. Nani yuko sahihi?
(Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Rafiki yako. Mipaka iliyozaa neno hilo ilikuwa ya Seneti ya jimbo, chombo kilichokuwa kikikaa Boston. Haikuwa mipaka ya Kongresi ya Washington. Kosa hili limeenea sana, na ni kosa lenye madhara, maana Seneti ya Massachusetts ilichaguliwa kwa kanuni tofauti kabisa.

Seneti hiyo ilikuwa na watu 40, waliochaguliwa kila mwaka, Jumatatu ya kwanza ya Aprili. Kwa katiba ya jimbo ya 1780, idadi ya maseneta wa wilaya ilitegemea kodi iliyolipwa hapo, wala si idadi ya watu. Wilaya moja iliweza kuwa na maseneta kadhaa, mwisho 6, na kila mpiga kura aliandika majina ya wote wanaohitajika. Kwa desturi wilaya zilifuata mipaka ya kaunti.

Vyama vilikuwa viwili: Wafederali, na Warepublikan wa Jefferson. Hao wa pili usiwachanganye na chama cha Republican cha leo, kilichoanzishwa miaka ya 1850. Mwanzoni mwa 1812 Warepublikan walishika bunge zima la Massachusetts pamoja na ugavana, na gavana alikuwa Elbridge Gerry. Tarehe 11 Februari 1812 alitia saini sheria ya kuchora upya wilaya za Seneti. Sheria hiyo ilikata kaunti vipandevipande.

Kipande kilichopata umaarufu ni cha kaunti ya Essex, kaskazini mwa Boston. Kilianzia kusini, Chelsea, mji ambao haukuwa hata wa kaunti hiyo. Kikapita Lynn, Marblehead na Salem pwani. Kikaingia bara Danvers, Middleton na Andover. Kikashika ukingo wa mto Merrimack kwa Methuen na Haverhill. Kikarudi tena baharini kwa Amesbury na Salisbury. Ndani ya kumbatio hilo ilibaki miji kama Newburyport, Ipswich, Beverly na Gloucester, kama wilaya ya pili. Msomaji wa huku kwetu achore jimbo linaloanzia Siha, lipite Hai, lishike vijiji vya juu vya Kibosho na Old Moshi, lizunguke Marangu hadi Rombo, kama kanga iliyofungwa kiunoni mwa mlima, na waliobaki chini wawekwe peke yao. Umbo lake lingekuwa hivyo.

Tarehe 26 Machi 1812 gazeti la Boston Gazette, la upande wa Wafederali, lilichapisha ramani hiyo ikiwa imetiwa kichwa, mabawa na makucha, ifanane na salamanda. Salamanda ni mnyama wa jamii ya vyura mwenye umbo la mjusi. Jina la gavana likaungwa na la mnyama, ikawa jerimanda. Jambo dogo la matamshi: jina la Gerry mwenyewe lilitamkwa kwa "g" ya gari, si kwa "j" ya jirani. Ni neno lililozaliwa baadaye ndilo lililogeuka. Na kaunti hiyo hakuwa mgeni nayo, kwani alizaliwa Marblehead mwaka 1744.

Matokeo ya Aprili 1812 ndiyo yanayofaa kukaririwa. Wafederali walipata kura 51,766 za Seneti, Warepublikan 50,164. Viti: Warepublikan 29, Wafederali 11. Gawanya mwenyewe: kiti kimoja cha Warepublikan kilisimama juu ya kura 1,730 hivi, na cha Wafederali juu ya kura 4,706.

Siku hiyohiyo Gerry alishindwa ugavana na Caleb Strong, Mfederali. Ugavana hauna wilaya. Jimbo lote ni sanduku moja, na hakuna mstari wa kumwokoa mtu hapo. Baraza la chini la bunge la jimbo, ambalo wabunge wake walitoka mji kwa mji na halikuguswa na sheria ile, nalo lilikwenda kwa Wafederali kwenye uchaguzi wake wa Mei. Watu walewale, majira yaleyale, mioyo ileile. Kilichobadilika ni mstari tu, na Seneti ikabaki kwa waliopata kura chache. Mwaka uliofuata Wafederali waliitwaa tena Seneti licha ya mipaka hiyo, wakaifuta sheria. Gerry alikuwa tayari Makamu wa Rais chini ya James Madison, akafia kwenye kazi hiyo Novemba 1814.

SWALI: Nikiwekewa ramani mpya ya uchaguzi mezani, nitajuaje kama imepindishwa? Naangalia maumbo ya ajabu?
(Mstaafu, Marangu)

JIBU: Mzee wetu, shikamoo. Umbo ni dalili tu. Wilaya inaweza kuwa ndefu na yenye kona kwa sababu ya mto, mlima au barabara, na inaweza kuwa mraba safi na bado imepindishwa. Anza na kura.

Tufanye mfano wa kubuni, tukifuata kanuni ya Seneti ya Massachusetts. Kaunti ina viti 5. Chama A kina kura 5,200, chama B kina 4,800. Kaunti ikiachwa nzima, kila mfuasi wa A anaandika majina 5 ya chama chake, na A anachukua viti vyote 5.

Sasa igawe mara mbili. Wilaya ya kwanza, yenye viti 3, ipe kura 2,900 za A na 3,100 za B. Wilaya ya pili, yenye viti 2, ipe 2,300 za A na 1,700 za B. Jumla haikubadilika: 5,200 kwa 4,800. Matokeo ni B viti 3, A viti 2.

Siri iko kwenye tofauti za ushindi. B ameshinda kwa kura 200 akapata viti 3. A ameshinda kwa kura 600 akapata viti 2. Kura za A zimerundikwa mahali ambapo hazina kazi ya ziada. Kwa hiyo fanya hivi: chukua matokeo ya uchaguzi uliopita, kituo kwa kituo, yapange ndani ya mipaka mipya, kwa kila wilaya andika tofauti kati ya wa kwanza na wa pili, kisha tazama ni chama gani kinashinda mara nyingi kwa tofauti ndogondogo na kipi kinashinda mara chache kwa tofauti kubwakubwa. Jambo hilo likijirudia upande mmoja nchi nzima, si bahati. Likitokea wilaya moja tu, usiharakishe kumshutumu mtu, kwa maana watu wenyewe huishi kwa makundi na mchoraji hana la kufanya.

Angalia pia upande wa pili wa mfano huu, ambao waandishi wengi huuruka. Kaunti ikiwa nzima, A kwa asilimia 52 alikuwa anachukua viti vyote na B hana hata kimoja. Mipaka ya zamani iliyofuata kaunti ilionekana ya heshima kwa sababu ilikuwa ya zamani, lakini nayo iliwanyima watu sauti. Kwa upande wetu tunaona Gerry alistahili lawama, na Wafederali waliomchora salamanda walistahili kuulizwa kwa nini kanuni ya kaunti nzima haikuwasumbua pale ilipowafaa.

Kwa Tanzania, Katiba inataka Tume ichunguze mipaka ya majimbo angalau kila baada ya miaka 10, ikizingatia idadi ya watu, mawasiliano na hali ya kijiografia. Zoezi hili la tofauti za ushindi unaweza kulifanya kwa karatasi na penseli kwa jimbo lolote.

SWALI: Nimewahi kusimamia kituo cha kura mara kadhaa. Natamani kujua wenzetu wa enzi hizo walifanyaje kazi, hatua kwa hatua.
(Msomaji, Usa River)

JIBU: Kwanza, hakukuwa na vituo vingi ndani ya mji. Kituo kilikuwa mkutano wa mji. Kwa uchaguzi wa Kongresi, gavana alituma hati kwa wasimamizi wa kila mji, wale waliochaguliwa na wakazi kila mwaka, akiwaamuru waitishe mkutano. Tangazo likatolewa, watu wakakusanyika.

Aliyeruhusiwa kupiga kura ni mwanamume wa miaka 21 na kuendelea, aliyeishi mjini hapo mwaka mmoja, mwenye ardhi ya kumwingizia pauni 3 kwa mwaka au mali yoyote ya thamani ya pauni 60. Kwa fedha ya Marekani ya siku hizo ni kama dola 10 na dola 200. Kwa nini masharti ya jimbo yatumike kwenye uchaguzi wa taifa? Kwa sababu Katiba ya Marekani inasema anayestahili kuchagua baraza kubwa la bunge la jimbo lake ndiye anayestahili kuchagua mbunge wa Kongresi. Sharti la mali liliondolewa kwa mabadiliko ya katiba ya jimbo ya miaka ya 1820 na 1821, likabaki la kulipa kodi.

Mpiga kura alikuja na kikaratasi chake. Serikali haikutoa karatasi ya kura. Katiba ya jimbo ilitaka kura iliyoandikwa, na watu waliandika kwa mkono. Ni mwaka 1830 ndipo mahakama ya juu ya Massachusetts ilipoamua, katika kesi ya Henshaw na Foster, kwamba kura iliyochapwa mtambo nayo ni kura iliyoandikwa. Wasimamizi walipokea vikaratasi, wakavipanga na kuvihesabu palepale mbele ya mkutano. Karani akaandika kwenye daftari la mji kila jina na idadi ya kura zake. Nakala ikafungwa kwa lakiri, ikapelekwa kwa katibu wa jimbo Boston, na gavana na baraza lake wakajumlisha.

Wewe uliyesimamia kituo unaona haraka panapovuja. Jina likiandikwa kwa namna mbili, karani mwaminifu anaandika mistari miwili, na Boston ndiyo inaamua kama ni mtu mmoja. Baba na mtoto wenye jina moja wanagawana kura bila kutaka. Bahasha ikichelewa njiani kutoka mji wa mbali wa Maine, mji mzima unakosekana kwenye jumla. Na pale penye viti kadhaa, mtu mmoja akiandika majina matatu, idadi ya kura inakuwa mara tatu ya idadi ya watu. Ukikutana na jumla kubwa mno kwenye wilaya za Seneti, angalia hilo kabla ya kushangaa.

SWALI: Ni kweli uchaguzi mmoja uliweza kurudiwa mara nyingi bila mtu kufa wala kesi mahakamani?
(Mfanyabiashara, Boma Ng'ombe, Hai)

JIBU: Kweli kabisa. Kwetu mbunge hushinda kwa kupata kura nyingi kuliko wenzake. Massachusetts ya wakati huo ilidai zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa. Tuseme zimepigwa 2,000: mshindi lazima awe na 1,001. Wa kwanza ana 990, wa pili 940, na kura 70 zimetawanyika kwa majina ya hapa na pale, ya majirani na ya wazee wanaoheshimika. Hakuna aliyechaguliwa. Gavana anatoa hati nyingine, miji inaitwa tena.

Na kwenye raundi ya pili hakuna aliyeondolewa. Si kama duru ya pili tunayoisikia kwenye nchi nyingine, ambapo wawili wa juu hubaki. Kila mtu anaruhusiwa kupigiwa tena, kwa hiyo mkwamo unaweza kujirudia vilevile. Katika uchaguzi wa kwanza wa Kongresi, wilaya ya magharibi ya Hampshire na Berkshire ilipiga kura mara 5 kabla ya Theodore Sedgwick kuvuka nusu mwaka 1789. Kanuni ya kura nyingi kuliko wengine ilikuja kuchukua nafasi yake katikati ya karne ya 19.

Waliwezaje kuvumilia? Kalenda iliwasaidia. Aliyechaguliwa Novemba alianza muhula tarehe 4 Machi ya mwaka uliofuata, na kwa kawaida Kongresi haikukutana hadi Desemba. Kulikuwa na mwaka mzima wa kurudia.

Kwa mchoraji wa mipaka kanuni hii ni kikwazo. Wilaya iliyokatwa ili chama kishinde kwa asilimia 51 inaweza kukwama kwa kura chache zilizotawanyika. Ukisikia mtu anazungumzia mipaka ya enzi hizo bila kutaja sharti la nusu, ameacha nusu ya habari.

SWALI: Basi wilaya 20 za Kongresi zilipopatikana, uchaguzi wa 1812 ulikwendaje?
(Msomaji, Majengo, Moshi)

JIBU: Vita ndiyo iliyoamua. Marekani ilitangaza vita dhidi ya Uingereza tarehe 18 Juni 1812, baada ya Baraza la Wawakilishi kupitisha kwa kura 79 dhidi ya 49 na Seneti ya taifa kwa 19 dhidi ya 13. Massachusetts iliishi kwa meli na biashara ya bahari, na ilikuwa imeshaumia tangu marufuku ya biashara ya nje ya Desemba 1807. Walipokwenda kupiga kura Novemba, hasira ilikuwa juu, na Wafederali walizoa sehemu kubwa ya viti. Mmoja wa waliochaguliwa alikuwa Timothy Pickering wa Essex, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya nje. Maine nayo, iliyokuwa na Warepublikan wengi, ilimtoa Mfederali Cyrus King. Kura 22 za wajumbe wa jimbo wa kumchagua rais zilikwenda kwa DeWitt Clinton, mpinzani wa Madison.

Kwa sababu ya vita, Kongresi mpya haikusubiri Desemba. Ilikutana tarehe 24 Mei 1813.

Wilaya hizi 20 zilikuwa za mbunge mmojammoja. Haikuwa lazima. Mwaka 1792 Massachusetts yenyewe ilikuwa imetumia wilaya 4 kubwa zenye wabunge kadhaa, ikaacha mtindo huo 1794. Pennsylvania iliendelea nao: baada ya sensa ya 1800 ilikuwa na wabunge 18 kwenye wilaya 11 tu. Sheria ya taifa ya kudai wilaya ya mbunge mmoja, tena isiyokatika vipande, ilikuja 1842.

SWALI: Takwimu za kura za zamani hivi mnazipata wapi, na nizitumieje bila kupotoka?
(Mwanachuo, Arusha)

JIBU: Hapakuwa na ofisi moja ya taifa iliyozikusanya. Zilibaki kwenye madaftari ya miji, kwenye hati zilizopelekwa Boston, na kwenye magazeti ya siku zile. Mtafiti Philip Lampi alitumia miongo mingi kuzinakili, na mkusanyiko wake umetunzwa na American Antiquarian Society, mji wa Worcester, Massachusetts, na sasa unasomeka bure kwenye intaneti.

Ukizitumia, kwanza soma ni uchaguzi wa chombo gani: mwaka 1812 peke yake watu wa Massachusetts walipiga kura za gavana, Seneti ya jimbo, baraza la chini la jimbo, Kongresi na wajumbe wa kumchagua rais, na magazeti huzibananisha kwenye safu moja. Pili angalia raundi. Matokeo ya raundi ya kwanza iliyokwama yanaonekana kama ya mwisho. Tatu usitupe kura zilizotawanyika, maana nusu ilihesabiwa pamoja nazo. Nne, kabla ya 1820 angalia kama mji ni wa Maine. Na ukikuta majina mawili yanayofanana na herufi moja tofauti, yaache mistari miwili kwenye daftari lako, andika jumla yao pembeni kwa penseli.